Gobore si shotigani

Ndugu, baba mkwe wako wa Sengerema alikuwa na haki kukurekebisha ulipoliita gobore lake shotigani. Gobore hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti kwanza, kizibo cha kitambaa, kisha marisau, yaani vidonge vidogo vya risasi. Fataki, yaani kikofia kidogo kinachowasha baruti, hukaa nje, huku nyuma, ikigongwa na nyundo ya silaha. Ndiyo maana masika haya ya ziwani, baruti ikipata unyevu, halilipuki au huchelewa kulipuka, jambo la hatari sana. Shotigani hupokea risasi nzima kutoka nyuma: ganda, fataki, baruti na marisau vimeshafungwa pamoja. Kinachobaki baada ya kufyatua ni ganda, usikiite risasi. Mwombe mzee radhi, na usiiguse silaha mpaka akupe mwenyewe.