Usikope hela kwenda Zanzibar kutafuta cha kuchora

Mdogo wangu usikate hiyo tiketi. Unasema umekopa kikoba uende Zanzibar halafu Serengeti, upige picha kwenye simu za kuchorea mwaka mzima ukirudi Temeke, eti mtaani kwako hakuna kitu, na unauliza ubebe akriliki au rangi za mafuta. Rangi siyo tatizo lako. Hilo wazo la picha za simu ndo lilikula mtaji wangu wote, na aliyenijaza alikuwa dalali wa picha, akaniambia watalii wanataka milango ya Mji Mkongwe, piga tu zote utachorea nyumbani, na mwenyewe hajawahi kushika brashi! Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Nikarudi simu imejaa milango, nikachagua mmoja wenye njumu za shaba, ukuta wa chokaa pembeni, kila nikichora hautoki. Pale ukiangalia kwa macho, kivuli kwenye chokaa kina ubuluu wa anga, na chini kimepata wekundu wa njia iliyopigwa jua. Kwenye simu ni kijivu kitupu, palipo na jua pameungua peupe, nakshi za fremu zimemezwa na giza. Nikachora kijivu hicho hicho, kanvasi zote zikakataliwa, dalali simu hapokei, kikoba wanataka hela yao.

Kwa hiyo shika hili moja tu: simu mfukoni, penseli mkononi, chora ukiwa mbele ya kitu chenyewe. Anza na muuza mkaa hapo nje, muombe kwanza, mchore asubuhi, mrudie saa kumi jioni, andika pembeni kivuli kilikuwa na rangi gani. Mchoraji wetu Sam Ntiro alisomea sanaa London lakini alichora Wachagga wa kwao, na picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ya 1956, iko MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa la New York. Unasemaje mtaani hakuna kitu?

Zanzibar utaenda tu, boti zipo kila siku, ila kwa hela yako, na ukifika chagua uchochoro mmoja ukae hapo kutwa. Hiyo ya kikoba irudishe leo kabla riba haijaanza.