Fundi Mstaafu Anajibu: Barakoa ya Fundi Rangi

SWALI: Shikamoo Mzee. Niko kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, chumba cha kompresa. Amonia, ile gesi ya kupozea, ikivuja msimamizi hutuambia, "Mkisikia harufu bado mko salama, ikizidi mtakimbia wenyewe." Mwenzangu ameazima barakoa ya vichujio vya kahawia kwa fundi wa kupaka rangi magari, tunapokezana. Inatosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Irudishe leo kwa mwenyewe. Kahawia ni ya mvuke wa rangi na thina. Amonia itapita humo kama tui kwenye kifumbu. Kichujio chake ni cha kijani, kina herufi K. Tena tafuta barakoa ya uso mzima, maana amonia hukimbilia penye majimaji, na macho ndiyo ya kwanza. Ndevu nyoa, zinaacha upenyo. Amonia ikifika sehemu 300 katika milioni za hewa, kichujio weka kando: hapo anaingia mwenye mtungi wa hewa mgongoni, au haingii mtu.

Msimamizi wako kasema nusu. Kweli pua huinasa amonia mapema, mara nyingi kabla ya sehemu 25 katika milioni, kikomo kinachotumika sana kwa shifti yenye urefu wa saa nane. Lakini pua huzoea. Wageni walikuwa wakitoka chumbani kwangu wanalia, mimi nakunywa chai.

Kuhusu kukimbia, sikia. Kiwanda cha barafu, mwaka 1998, tunamwaga oili iliyojikusanya chini ya amonia mtamboni. Valvu ikaziba, mwenzangu akaifungua zaidi, zaidi tena, mara uchafu ukaachia. Amonia ikatoka ikiwa bado kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 33 chini ya sifuri. Vitabuni ni nyepesi kuliko hewa. Ile ilitambaa sakafuni, ukungu mweupe hadi kiunoni. Macho yalifumba, koo likakaza. Mlango niliouzoea kwa miaka niliutafuta kwa kupapasa ukuta. Nje nilimwagia mwenzangu maji machoni kwa mpira, zaidi ya robo saa, huku akinitukana. Anaona mpaka leo, ila kazi ya mitambo ya baridi aliiacha. Valvu ya oili iwe ya springi, inayojifunga mkono ukiachia.

Kutafuta panapovuja, lowesha karatasi nyekundu ya litmasi, ipitishe kwenye gasketi: ikigeuka buluu ni hapo. Sisi tulitumia kijiti cha salfa kinachowaka, kikikutana na amonia kinatoa moshi mweupe mzito. Hivyo vinakuonyesha mahali, kiasi havikuambii. Kiasi ni kazi ya kifaa cha ukutani cha kupima gesi, kifungwe juu karibu na dari, taa yake iwe nje ili ujue kabla hujaingia. Na kijaribiwe, nimewahi kukuta kimoja kimepakwa rangi pamoja na ukuta.

Halafu angalia swichi ya feni ya kutoa hewa iko wapi. Yetu ilikuwa ndani.