Waulize Wapiga Picha: Lenzi bapa safarini

Likizo imekaribia, na barua zilizotufikia zinahusu karibu kitu kimoja: ile lenzi bapa, fupi na nyepesi, ambayo wauzaji wa kamera hapa mjini huiita pankeki. Tumechagua tano.

Nina Canon EOS 250D na lenzi iliyokuja nayo, 18–55. Rafiki ananiuzia EF-S 24mm f/2.8 STM. Naenda Mombasa na Lamu kwa siku nane. Je, niiache ile ya kwanza nyumbani? – Msomaji, Kasarani

Iache, lakini ujue unaacha nini.

Lenzi ya 24mm ina uzito wa gramu 125 na unene wa milimita 22.8. Ukiifunga kwenye 250D, mzigo wote haufiki gramu 600, betri na kadi zikiwamo, nayo kamera inakaa chini ya koti bila kuvimba. Kwa sensa ya kamera yako, lenzi hiyo inaona kama 38mm ya kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa (namba ya mm ikiwa ndogo, picha ni pana zaidi): watu, meza ya chakula, barabara, jahazi likiwa karibu.

Kasoro yake utaiona Lamu. Tuseme umesimama uchochoroni, mita 2 kutoka kwenye mlango wa kuchongwa, na umeshika kamera wima. Picha itachukua mita 1.86 tu kutoka chini hadi juu, kwa hiyo kizingiti cha juu kitakatwa. Ile 18–55 ikiwa kwenye 18mm ingechukua karibu mita 2.5 kutoka pale pale. Ukiwa na 24mm itakubidi urudi nyuma hadi mita 3, na ukuta wa jirani ukikuzuia, simama kwa pembeni au piga nusu ya mlango. Nakshi zinapendeza zaidi kwa karibu hata hivyo, na lenzi hii inashika fokasi hadi sentimita 16 kutoka kwenye sensa.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa wengi hudanganywa na namba. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi linafunguka zaidi na mwanga mwingi unaingia, basi wanasikia f/2.8 wakadhani giza limekwisha. Ile 18–55 ukiiweka kwenye 24mm inafungua karibu f/4, kwa hiyo lenzi bapa inakupa mwanga mara mbili tu. Ile 18–55 nayo, kama imeandikwa IS, ina kizuia mtikisiko, hii haina. Kwa jengo lililotulia wakati wa magharibi, 18–55 ya IS inaweza kukupa picha safi zaidi mkononi. Kwa mtu anayetembea, kizuia mtikisiko hakisaidii kitu, na hapo ndipo f/2.8 inashinda.

Mchana ukiwa mitaani, weka f/8, hamisha swichi ya pembeni kwenye MF (fokasi ya mkono), na weka fokasi kwenye kitu kilicho mita 4. Kila kitu kuanzia kama mita 2 hadi upeo wa macho kitakuwa na ukali wa kuridhisha, na hutasubiri kamera itafute fokasi. Ukizima kamera, kagua tena fokasi unapoiwasha.

Nimenunua 40mm f/2.8 STM iliyotumika. Nikizima kamera mdomo wa lenzi unabaki umechomoza, na nikizungusha ringi haurudi. Nimeuziwa mbovu? – Msomaji, Umoja

La. Ringi ya fokasi ya lenzi za STM (aina ya mota ya fokasi) haijaungwa na vioo kwa meno wala uzi. Inatuma tu ishara, na mota ndiyo inayosogeza. Kamera ikizimwa, ringi inazunguka bure.

Washa kamera, elekeza kitu cha mbali, bonyeza kitufe nusu mpaka fokasi ishike, kisha zima. Mdomo utakuwa umerudi ndani. Usiusukume kwa kidole kamwe, na usibandike kifuniko kwa nguvu ukiwa umechomoza, maana nguvu yote inaishia kwenye mota ndogo iliyo ndani.

Lenzi hii ilitoka mwaka 2012, na zile za mwanzo zilikuwa na tatizo linalojulikana: mdomo ukigandamizwa, kwa mfano ndani ya mkoba, fokasi ya otomatiki ilikuwa inagoma. Kutoa betri na kuirudisha kulikuwa kunaizindua, na Canon ilitoa programu ya kurekebisha mwaka huo huo. Kwa kuwa yako imetumika, tazama toleo la programu ya lenzi kwenye menyu ya kamera.

Ukiwa bado unaweza kuirudisha kwa aliyekuuzia, ondoa vifuniko vya mbele na nyuma, washa tochi ya simu upande mmoja na utazame kutoka upande wa pili kwa mshazari. Chembe mbili tatu za vumbi si kitu. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, rudisha.

Nawezaje kupiga picha nikiwa ndani ya treni ya SGR? Zangu hutoka na mwako wa kioo na ukungu. – Msomaji, Donholm

Hapa lenzi bapa ina faida ambayo zumu ndefu haina: inafika karibu kabisa na kioo. Nunua kikinga cha mpira kinachokunjwa, cha uzi wa milimita 52 (ndio uzi wa 24mm na wa 40mm), kifungue na kikaribishe kwenye dirisha hadi kibaki upana wa kidole. Ukikibana kwenye kioo, mtikisiko wa behewa unaingia kwenye kamera. Nguo nyeusi ni bora kuliko nyeupe. Shati jeupe ndilo unaloliona kwenye kioo. Zima flashi.

Kasi ya shata iwe 1/1000 au zaidi. Treni ikienda kilomita 120 kwa saa, ndani ya muda huo mdogo inasogea sentimita 3.3. Kichaka kilicho mita 5 kitafutika kabisa, wala hakuna dawa. Tembo aliye mita 200 ndani ya Tsavo atatoka safi, ila atakuwa mdogo. Kwa hiyo lenga mbali, na uache vichaka vya kando ya reli viwe mistari.

Na ule ukungu? Mara nyingi ni uchafu wa nje ya kioo ukipigwa na jua. Ukiweza, keti upande ambao jua haliangazi.

Mombasa kila nikitoka chumbani lenzi inajaa mvuke. Nifute? – Msomaji, South B

Usifute. Lenzi imepoa kwa kiyoyozi, hewa ya nje ni ya joto na unyevu, na mvuke unageuka maji juu ya kioo baridi. Ukifuta yanarudi, nawe unasugua chumvi na mchanga kwenye kioo. Kubwa zaidi, usitoe lenzi kwenye kamera wakati huo. Unyevu utaingia hadi kwenye sensa.

Kabla ya kutoka, tia kamera kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kamua hewa, funga, kisha toka nayo. Mvuke utakaa juu ya plastiki. Subiri dakika 30. Lenzi ndogo hupata joto mapema kuliko kubwa. Njia rahisi zaidi ni kuilaza mahali ambapo kiyoyozi hakifiki.

Jioni, puliza mchanga kwa pampu ya mpira kabla ya kugusa kioo kwa kitambaa, na upanguse mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kuondoa chumvi. Mchele kavu wa kukaushia tunaukataa: unaacha vumbi la wanga. Vipakiti vya silika ndani ya kopo linalofunga vinatosha.

Nina Canon R50. Ninunue 24mm na adapta, au RF 28mm? – Msomaji, Ngara

RF 28mm f/2.8. Ina gramu 120 na inafunga moja kwa moja. Adapta ya EF kwenda RF (kifungio cha lenzi cha zamani kwenda kile cha kamera yako) ina gramu 110 na unene wa milimita 24, yaani ni nene kuliko lenzi yenyewe. Ukiziunganisha umebeba gramu 235 na pankeki imekwisha kuwa mkate. Ila 28mm kwenye R50 inaona kama 45mm, kwa hiyo hesabu ile ya mlango wa Lamu itakubana zaidi. Kama adapta unayo tayari na ulitaka upana, 24mm bado ina maana.