Maswali yenu: Kuingia chuo Georgia, Marekani, na kumaliza

Shikamoo mwalimu. Binti yangu anaanza chuo hapa Clarkston. Naambiwa wengi hawamalizi. Ni kweli?

Marahaba, mama. Inategemea nani anahesabu. Takwimu ya serikali kuu huwafuata wanaoanza chuo mara ya kwanza na kusoma muda wote. Shahada ya kwanza wanapewa miaka sita, ile ya miaka miwili wanapewa mitatu. Aliyehamia chuo kingine akamalizia huko, kule alikoanzia hahesabiwi mhitimu. Waulize jambo moja zaidi: wangapi hurudi mwaka wa pili?

Kijana wangu ana krediti 12 (vipimo vya masomo) kwa muhula, wanasema ni muda wote. Mbona tena atachelewa?

Shika kalamu. Shahada nyingi zinadai krediti 120. Mihula minane mara 12 ni 96. Zimebaki 24, yaani mwaka mwingine mzima wa ada, na Pell Grant, msaada wa ada wa serikali kuu, ina kikomo cha mihula 12. Anayetaka kumaliza kwa miaka minne achukue 15. Lakini kama anapakia maboksi usiku kucha, 15 zitamwangusha, na HOPE, ufadhili wa masomo wa jimbo la Georgia, inataka wastani wa alama wa 3.0 kila inapokaguliwa, kama kwenye krediti 30, 60, 90. Huyo achukue 12, nyingine azifidie kiangazi.

Wanaoacha si wavivu tu?

Hapana. Chuo kikuu cha Georgia State, Atlanta, kilianza mwaka 2011 kuwapa hela kidogo wanafunzi waliokuwa wanafutwa darasani kwa deni la ada, na mwaka uliofuata kikaanza kufuatilia alama za kila mmoja ili mshauri amwite mapema. Mwaka 2003 waliokuwa wakihitimu ndani ya miaka sita walikuwa asilimia 32. Baadaye walivuka 50.

Juzi kijana mmoja, wa chuo kingine, alinionyesha simu yake: anadaiwa dola 340, mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni. Alibakiza muhula mmoja. Kwenye kundi letu la WhatsApp tulikuwa tumetoka kuchangia harusi, naye kachanga! La deni lake hakusema, aliona haya.

Niliacha 2019. Nianze upya?

Usianze upya. Krediti zako zipo, nenda kwa msajili uombe transkripti, yaani rekodi ya masomo na alama zako. Uliza kwanza kama unadaiwa.