Faida tatu, hasara moja: lini utumie outweigh?

SUALI: Assalaamu alaykum mwalimu. Nipo Wete, najiandaa na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Niliandika: "The advantages of tourism are outweigh than the disadvantages." Mwalimu wa tuisheni kanipa vema, rafiki yangu kasema nimekosea. Na je, nikitaja faida tatu na hasara mbili, nitakuwa nimeshathibitisha kuwa faida zimezidi?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Rafiki yako yuko sawa. Futa are, futa than: "The advantages of tourism outweigh the disadvantages." Ulinganisho umo ndani ya kitenzi chenyewe. Kinachozidi hutangulia, kinachozidiwa hufuata.

Hilo utalizoea haraka. Linalonikera ni suali lako la pili, maana nalikuta karibu kila insha ninayosahihisha. Kiswahili chetu kinachangia: "faida zimezidi hasara" yaweza kuwa kwa idadi, yaweza kuwa kwa uzito. Waingereza wamegawa kazi: idadi ina outnumber, uzito una outweigh. Kwenye mizani ya karafuu hakuna anayelipwa kwa wingi wa magunia.

Chukua hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja. Imeleta ajira, barabara na soko la samaki, lakini visima vya kijiji vimeingia chumvi. Unaweza kabisa kuandika: "The loss of fresh water outweighs these gains." Moja imeshinda tatu, mradi ueleze kwa nini maji ni mazito kuliko mshahara. (Na hiyo s ya mwisho ya outweighs usiisahau, loss ni umoja.) Machi 2021, Shirika la Afya Duniani liliposema faida za chanjo ya korona ya AstraZeneca "outweigh its risks", halikuhesabu vipengele, liliweka ugonjwa uliokuwa ukiua maelfu kila siku mbele ya visa vichache vya kuganda damu.

Sasa hawa wanaouza "insha tayari" kwenye WhatsApp! Faida mbili, hasara moja, kisha outweigh, basi. Nimesoma insha ya simu, ya utalii na ya mifuko ya plastiki, zote na aya ile ile ya mwisho, koma kwa koma. Watahini wa IELTS wanayatambua maneno ya kukariri na hawayapi alama. Anayekuahidi band 7 (alama 7 kati ya 9) kwa fomula anakuuzia karatasi tu, na siku matokeo yakitoka mabaya hatakurudishia ada ya mtihani. Namba yake yenyewe huwa haipatikani tena.