Kovu la ndui si hirizi ya Mpox

Juzi dada mmoja wa Kibirizi, Kigoma, kaniuliza: mama yake ana kovu la chanjo ya ndui, je, Mpox, ugonjwa wa vipele ulio jamaa ya ndui, haiwezi kumpata? Kaka zake wanavuka ziwa kwenda Kongo na kurudi, kwa hiyo wasiwasi wake naujua.

Bibi yangu wa Ujiji aliugua ndui akiwa binti. Uso ulibaki na vishimo toka kwenye paji hadi kidevuni, na jicho la kushoto likawa jeupe, halioni. Wachanjaji walipopita mtaani, aliwapanga wanawe wote mstari. Mama anaikumbuka sindano: ina ncha mbili kama uma, inachovywa kwenye dawa, inadonoa ngozi harakaharaka mara 15. Kikatoka kipele, kikajaa maji, kikatunga usaha, na kigaga kikadondoka wiki ya tatu hivi.

Dawa ile ilikuwa kirusi hai, si cha ndui bali ndugu yake, vaksinia. Ndiyo iliyoing'oa ndui: Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, aliugua 1977, wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida, na 1980 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza imekwisha duniani. Lakini mtoto akikuna kidonda kisha akafikicha jicho, kirusi kilihamia huko. Mwenye ukurutu kiliweza kumsambaa mwilini. Wachache walivimba ubongo au moyo, na kati ya watu milioni waliochanjwa mara ya kwanza, mmoja au wawili walifariki.

Nilipoyaeleza haya kwenye mkutano wa mtaa nilikatizwa, eti natisha watu. Bado inaniuma. Mfiche mtu madhara, siku akiyasikia kijiweni hata la kweli hatakuamini. Waambieni watu yote, jamani!

Sasa, dada yangu, kinga ya mama inaweza kuwa haijaisha yote, ila miaka zaidi ya 40 imepita. Asiitegemee. Chanjo ya sasa ya Mpox, iitwayo MVA-BN, kirusi chake hakizaliani mwilini wala hakiachi kidonda kile. Ni dozi mbili, wiki nne katikati. Ikiletwa kwenu na akawa miongoni mwa walengwa, achanjwe, na amweleze muuguzi maradhi yote aliyonayo.

Nanyi vijana mliozaliwa baada ya 1980, kovu lenu la begani ni la BCG, ya kifua kikuu. Ukipata homa, tezi zikavimba na vipele vikatoka, usishirikiane shuka wala taulo na mtu, nenda zahanati siku hiyohiyo.