Junzi: kwa nini tafsiri za Confucius hazifanani

Mkuu umeuliza kwa nini Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa China, ni mmoja ila kwa Kiingereza kila mtafsiri ana lake, we chukua tu neno la Kichina junzi. Zamani lilikuwa mtoto wa mtawala, yani ishu ya ukoo, Confucius ndo akalisogeza liwe mtu mwenye tabia njema hata kama kwao hawana kitu. Legge, mmishenari, 1861 akaandika kitu kama "mtu wa daraja la juu", unasikia kabisa mtu anajiona, mtafsiri mwingine, Waley, 1938 akaweka jentlemani na hapo msomaji anamuona Mwingereza na tai yake. Muungwana wetu angekaa vizuri zaidi, naye alianza kama mtu huru asiye mtumwa ndo baadae ikawa adabu. Ren sasa, neno lake lingine la utu na wema, ndo balaa, Legge mwenyewe kaitafsiri tofautitofauti humohumo kwenye kitabu kimoja.